Giza ndiyo pesa: kuwaza sana na sonona kwa mama wa dagaa

Mwaka wangu wa kwanza wa kazi hapa Mwanza nilishuka Mwaloni, soko la samaki la Kirumba, na bahasha ya vipeperushi. Vilikuwa na picha ya mwanamke aliyeinamisha kichwa, na juu yake maandishi makubwa: "Je, unaishi gizani?" Mama mmoja aliyekuwa anashona gunia la dagaa alikipokea, akakisoma kwa sauti ili wenzake wasikie, kisha akacheka mpaka akaweka sindano chini.

"Dada, giza ndiyo pesa. Sisi tunaumwa mwezi ukiwaka."

Nilicheka nao kwa adabu, lakini sikuelewa. Mimi nimekulia Tabora. Dagaa nilikuwa nawajua kwenye sahani tu. Ilinichukua miezi kujua kwamba sentensi ile moja ingenisaidia kazini kuliko nusu ya madaftari niliyotoka nayo chuoni.

Kwa asiyejua: dagaa wa ziwa letu huvuliwa usiku kwa taa. Zamani zilikuwa karabai za mafuta, siku hizi ni taa za betri na za sola. Taa huelea, dagaa huifuata, wavu unawazoa. Mwezi ukiwa mpevu ziwa zima linakuwa na mwanga, taa inakosa maana, dagaa wanatawanyika. Mitumbwi inavutwa nchi kavu na wavuvi wanapumzika siku kadhaa, mara nyingi wiki nzima au zaidi. Mwanamke anayenunua kwa beseni, akaanika, akauza kwa gunia, naye hana kazi. Kwa hiyo mwezi wake una sehemu mbili: giza, anapokuwa na pesa na hana usingizi, na mbalamwezi, anapokuwa na nafasi ya kulala lakini usingizi hauji kwa sababu anahesabu madeni.

Marejesho hayaangalii mwezi. Aliyekopa zile fedha za riba kubwa tunazoziita kausha damu anatakiwa kulipa kila wiki, wavu uwe majini au juu ya miti.

Nimeanza na haya kwa sababu wanawake wanaokuja kwangu hawasemi "nina sonona", yaani ule ugonjwa wa moyo kuwa mzito na hamu kupotea. Wanasema "nina mawazo". Au hawasemi hata hilo. Wanasema kichwa kinawaka moto, moyo unaenda mbio, mgongo, presha, vidonda vya tumbo visivyosikia dawa. Wengi wamekwishapimwa vipimo vingi na kuambiwa hawana kitu, maneno ambayo mimi nayachukia kidogo. Wana kitu, ila kipimo walichopimwa si cha kitu hicho. (Halafu wananiita dokta. Mimi ni mwanasaikolojia tiba, siandiki dawa. Nilijitahidi kusahihisha mwaka mzima, nikaacha.)

Tatizo la neno "mawazo" ni kwamba limebeba vitu vitatu ambavyo tiba zake hazifanani. Kuna shida yenyewe: deni, mume aliyeondoka, mtoto aliyerudishwa nyumbani kwa ada. Kuna uchovu wa mwili. Na kuna ugonjwa, sonona au hofu iliyopitiliza. Ukimpa mwenye deni vidonge peke yake, umemwachia deni. Ukimwambia mwenye sonona apange bajeti na ajikaze, umemwongezea aibu.

Ndipo mwezi unaponisaidia. Siku hizi namwomba mwanamke achukue kalenda ya ukutani, zile zinazogawiwa bure na maduka mwisho wa mwaka, na kila jioni aweke alama: duara kama siku imepitika, msalaba kama imekuwa mbaya. Haandiki kitu kingine. Baada ya mwezi na nusu tunaitandaza mezani.

Nitaeleza kalenda mbili. Visa nimevichanganya na kubadilisha mambo, kwa hiyo usitafute mtu.

Ya kwanza misalaba ilikuwa imekusanyika sehemu mbili: siku za mbalamwezi, na kila Alhamisi. Nikauliza Alhamisi kuna nini. Akaangalia mlango kabla ya kujibu. Ni siku ya marejesho, na mkopo wenyewe mumewe hakuujua. Mapigo ya moyo yaliyompeleka hospitali mara tatu yalianza kila Jumatano jioni. Siku za giza, akiwa na pesa mkononi, alikula vizuri, akataniana na wenzake, akalala kama mtoto kwa saa zile chache alizopata. Huyu hakuwa na sonona. Alikuwa na tatizo lenye siku na kiasi, na mwili uliokuwa unalipigia kengele. Tulilifanyia kazi tatizo: tuliandika deni lote kwenye karatasi moja kwa mara ya kwanza (lilikuwa dogo kuliko alivyoogopa, ingawa si dogo), tukapanga nani aambiwe kwanza, akaenda kikoba chake kuomba fedha za kufunga deni lile kwa masharti ya kulipa wakati wa giza. Wanakikoba walikubali upesi. Wote wanauza dagaa, hakuna aliyehitaji kueleweshwa. Kumwambia mume kulichukua wiki nne zaidi, na hiyo ndiyo ilikuwa tiba ngumu.

Kalenda ya pili ilikuwa misalaba mitupu, giza na mbalamwezi. Alikuja analetwa na shoga yake, maana yeye hakuona sababu. Shoga ndiye aliyeeleza. Giza lilirudi, dagaa walijaa, bei ilikuwa nzuri, na huyu mama alilipwa deni alilokuwa amedai miezi. Akaipokea ile pesa, akaitia kwenye kanga, hakuihesabu. Siku ya pili yake mvua ilionekana inakuja kutoka ziwani. Kila mtu akakimbia kuanua. Yeye alikaa kwenye ndoo yake, anaiangalia, mpaka ikamkuta yeye na dagaa wake. Wenzake waliwaokoa wachache. Jioni wengine walisema mvivu, wengine wakasema karogwa.

Alipoulizwa na mimi, alisema: "Niliiona mvua. Nikajiambia, inuka. Mwili haukujibu."

Hapo ndipo ninapotumia dodoso la maswali tisa linalojulikana kwa kifupi PHQ-9, linalotumika duniani tangu 2001. Linauliza kuhusu wiki mbili zilizopita: hamu ya kufanya mambo imepotea? Moyo mzito? Usingizi umeharibika, au unalala kupita kiasi? Uchovu, chakula, kujiona hufai, kushindwa kutulia kwenye jambo moja, mwili kuwa mzito au kutotulia, na fikra za kifo. Kila jibu lina alama 0 hadi 3, jumla haizidi 27. Dodoso halitoi hukumu, linanionyesha pa kuuliza zaidi. Huyu mama alipata 19. Hata hivyo nilimpeleka kwanza apimwe damu na tezi ya shingo, kwa sababu upungufu wa damu na tezi iliyolegea huweza kujifanya sonona.

Swali la tisa, la kifo, nauliza wazi na kwa sauti ya kawaida. Wahudumu wengi wanaliruka wakidhani watampa mtu wazo. Kuuliza hakumpi mtu wazo la kujiua. Mara nyingi kunamtua mzigo. Anayejibu ndiyo na ana mpango haachwi peke yake siku hiyo, na anasindikizwa hospitali siku hiyohiyo, si Jumatatu. Bugando, hospitali yetu ya rufaa hapa Mwanza, wana idara ya magonjwa ya akili. Nataja hili kwa sababu watu hapa wakisikia "akili" wanasikia "Mirembe", hospitali ya wagonjwa wa akili, na Mirembe iko Dodoma, mbali kwa basi na mbali zaidi kwa aibu. Sehemu kubwa ya wanaotibiwa sonona hawalazwi popote. Wanakuja, wanaongea, wanarudi nyumbani kupika.

Tiba ya yule mama ilikwenda njia mbili. Daktari alimwandikia fluoxetine, dawa ya sonona, na kazi yangu ilikuwa kumweleza kwamba dawa hizi hazifanyi kazi kesho: ni wiki mbili hadi nne, wakati mwingine zaidi, na hazileweshi wala hazimfanyi mtu teja. Asiziache ghafla akianza kujisikia vizuri. Njia ya pili watu huiona ya kijinga. Sonona humwambia mtu asubiri hamu irudi ndipo ainuke. Sisi tunageuza: unainuka kwanza, kidogo sana, na hamu inakufuata nyuma ikiwa imechelewa. Kwa hiyo wiki ya kwanza tulikubaliana jambo moja tu. Wakati wenzake wakinywa chai ya saa nne chini ya mwembe, akakae nao. Asiongee kama hataki. Wiki ya pili ageuze chanja moja ya dagaa, moja, si zote. Alinitazama kama aliyetapeliwa. Wiki ya tano alikuwa anaanika zote na kunilalamikia bei.

Wenzetu wa Zimbabwe wana neno la Kishona, kufungisisa, kuwaza kupita kiasi, ndugu wa damu wa "kuwaza sana" kwetu. Daktari wa akili Dixon Chibanda alianza Harare mwaka 2006 kufundisha mabibi wa mtaani kukaa kwenye benchi nje ya kliniki na kumsaidia mtu achague tatizo moja na kulitafutia hatua. Jaribio la watu 573 lililochapishwa 2016 lilionyesha kwamba waliokaa na mabibi walipata nafuu zaidi ya waliopata huduma ya kawaida. Hatua ya kwanza ya benchi wanaiita kuvhura pfungwa, kufungua fikra. Ninalipenda hili kwa sababu mabibi wa kazi hiyo tunao, wamejaa mitaa yetu ya Igogo, Mabatini na Kirumba, na tayari wanafanya nusu yake bila malipo.

Sasa kosa langu. Miaka miwili nilipanga miadi saa nne asubuhi, Jumatatu hadi Ijumaa. Faili zilijaa neno "hakufika", na nilikuwa nalalamika kwa wenzangu kwamba wanawake wa Mwaloni hawathamini tiba. Saa nne asubuhi wakati wa giza, dagaa wako juani. Ukiondoka, kunguru na mwizi hawaondoki. Sasa napanga kwa mwezi: siku za mbalamwezi ndizo za kikao, na giza likirudi tunapigiana simu dakika kumi, jioni. Neno "hakufika" limepungua sana, na sikumfundisha mtu yeyote kuthamini chochote.

Wanawake wa viwanda vya minofu ya sangara, wa benki na walimu, hesabu yao ni nyingine. Hawahofii mvua, wanahofia ofisa utumishi. Wengi wananiomba nisiwapigie kwa namba inayoonyesha jina la kliniki. Nawaambia mambo mawili. Cheti cha kupumzika hakilazimiki kutaja ugonjwa kwa mwenzako wa dawati la pili. Na aliyejifungua ana haki kwa sheria ya kazi ya 2004: siku 84 za likizo yenye malipo, 100 kwa mapacha, na akirudi, hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha. Nimeona walioziomba hizo saa mbili kwa woga kana kwamba wanaomba mkopo. Mama anayelia kila siku mwezi wa pili baada ya kujifungua asiambiwe ni uzazi tu utapita. Usipopita ndani ya wiki mbili, aonwe.

Mwaka jana tulichapisha vipeperushi upya. Nilimfuata yule mama wa gunia, nikampa rasimu kabla ya kwenda kwa mchapaji. Picha ya mwanamke aliyeinama aliifuta kwa kalamu. "Huyu mvivu nani?" Maneno tuliyafanya naye, na sasa yanasomeka: "Giza limerudi, dagaa wapo, pesa imeingia, na moyo bado hautaki?" Chini kuna tarehe za vikao. Aliziangalia, akahesabu kwa vidole, akanirudishia karatasi.

"Machi umekosea. Mwezi mpevu si siku hiyo."

Nikaenda kuangalia kalenda. Alikuwa sahihi.