Sola ya bure ya serikali: fomu hakuna, risiti unayo

Juzi mjomba wangu wa Ukerewe alinitumia ujumbe wa WhatsApp ambao bila shaka ulishapita kwenye magrupu mengi kabla ya kunifikia. Serikali inagawa sola bure kwa kila kaya: paneli mbili, betri na televisheni ya inchi 32. Lipa shilingi 15,000 ya fomu kwa namba hii, nafasi ni chache. Chini yake ameongeza mwenyewe: "Mpwa wangu, nimeshalipa ya kwangu na ya mama yako mdogo. Ukitaka nikushikie nafasi, sema."

Nikampigia. Shikamoo mjomba, marahaba, habari za huko, halafu nikamwambia kwamba ile elfu thelathini imeshakwenda na maji. Kimya. Kisha akauliza swali ambalo ndilo limenifanya niandike haya: "Sasa hiyo ruzuku ya REA wanayoitangaza redioni, anapewa nani?"

Mjomba si mjinga. Ruzuku ipo kweli. Sheria ya Nishati Vijijini ilipitishwa 2005, Wakala wa Nishati Vijijini, ndiyo REA, ukaanza kazi 2007, na kuna mfuko maalumu wa kusaidia umeme wa vijijini, wa gridi ya taifa na usio wa gridi. Tatizo ni kwamba watu wengi wameizoea ruzuku ya mbolea: mkulima anajiandikisha, anapata namba, anakwenda dukani na kununua mfuko kwa bei iliyopunguzwa. Wakadhani ya umeme nayo inapita njia hiyo hiyo. Matapeli wanalijua hilo kuliko sisi. Haya ndiyo maneno ninayoyasikia mara nyingi, moja baada ya jingine.

"Ukijiandikisha unaletewa sola nyumbani"

Ruzuku ya umeme mdogo, yaani wa mitambo midogo ya vijijini, kwa kawaida humwendea anayejenga mtambo au kampuni inayofikisha huduma, na sehemu kubwa hulipwa kwa matokeo. Katika mradi wa TEDAP, uliofadhiliwa na Benki ya Dunia na ambao REA ilisimamia upande wa vijijini, mwenye mtambo mdogo alipewa dola 500 kwa kila mteja mpya aliyeunganishwa. Hesabu yake ni nyumba zilizowaka taa. Paneli zilizolala bohari hazihesabiki, wala wanakijiji waliojaza karatasi. Mapema zaidi, kabla hata ya ujenzi, kulikuwa na ruzuku ya kuchangia upembuzi yakinifu, yaani uchunguzi wa kama mradi utawezekana, kwa sababu kupima mto wa kuendesha mtambo misimu yote ni gharama ambayo benki haiko tayari kuibeba.

Kwa hiyo mwenye nyumba haoni hundi wala boksi la sola. Anachoona ni bei ya kuunganishwa. Kijijini mteja wa Tanesco analipa shilingi 27,000, wakati mjini, tangu Januari 2022, bei ya mtu asiyehitaji nguzo ilirudi kuwa shilingi 320,960. Hiyo tofauti ya karibu laki tatu ndiyo ruzuku ya mjomba, ila hakuna mtu atakayempigia simu kumpongeza kwa kuipata.

"Hizo ni hela za wafadhili"

Hapa huwa naomba mtu atoe simu. Tafuta risiti ya Luku ya shilingi 10,000. Usichukue ile ya kwanza ya mwezi, hiyo kodi ya majengo imeshaimega. Soma taratibu: umeme wenyewe 8,196.72, VAT 1,475.41, Ewura (mdhibiti wa nishati na maji) 81.97, na mstari mmoja ambao wengi hatuusomi, REA 245.90. Asilimia tatu ya umeme unaonunua inakwenda vijijini, hata kama hujawahi kukanyaga kijijini.

Mafuta nayo yanachangia. Kwenye petroli na dizeli kuna tozo ya nishati vijijini, iliyopandishwa kutoka shilingi 50 kwa lita hadi 100 mwaka 2015. Bodaboda anayejaza lita tano asubuhi ameshachangia shilingi 500 kabla hajapata abiria wa kwanza. Wafadhili wapo, Benki ya Dunia na Sweden miongoni mwao, na fedha zao ni nyingi. Lakini mtu anayesema "waacheni wazungu watoe tu" anaigawa pia fedha yake mwenyewe bila kujua, na ndiyo maana hajawahi kuuliza imefanya nini.

"Mradi umepewa ruzuku, kwa nini uniti ni ghali kuliko Tanesco?"

Hili ndilo swali linaloleta ugomvi zaidi kwenye visiwa vya ziwani, na sikubaliani na upande wowote, si wa serikali wala wa wanaolalamika.

Tanesco inauza uniti kwa shilingi 100 kabla ya kodi kwa mteja mdogo asiyezidi uniti 75 kwa mwezi. Mteja wa kawaida, yule ambaye elfu kumi inampa uniti 28, analipa 292 kabla ya kodi. Bei hizo zimetandazwa nchi nzima: mabwawa na gesi yanabeba wilaya za mbali. Mtambo wa kisiwani hauna wa kuubeba. Ukara, kisiwa cha Ziwa Victoria kilichopata mtambo wa Jumeme mwaka 2016, umeme unatoka kwenye paneli, betri na jenereta ya dizeli ya akiba. Mlinzi analipwa, fundi analipwa, dizeli inapanda boti, na betri lazima zibadilishwe baada ya miaka kadhaa. Gharama zote hizo wanagawana watu wenye taa tatu na simu. Ruzuku ya ujenzi hutolewa mara moja, mshahara wa mlinzi unadaiwa kila mwezi.

Mwaka 2020 serikali iliagiza wenye mitambo midogo nao wauze uniti kwa shilingi 100. Ninaelewa kwa nini: haileti picha nzuri mtu wa kisiwani kulipa mara kumi ya ndugu yake wa Mwanza. Ila kushusha bei bila kuleta fedha ya kuziba pengo la kila mwezi ni kumpa ng'ombe majani nusu na kumkamua vilevile. Aliyetaka kujenga mtambo kwenye kisiwa kinachofuata alikaa na kutafakari upya.

Kwa upande wa pili, hata ile bei ya zamani iliyolalamikiwa ilipaswa kupimwa na kile watu walichokuwa wakilipa kabla. Uniti moja inachaji simu za kisasa kama hamsini. Kwenye kibanda cha kuchaji kwa shilingi 300 kila simu, uniti hiyo hiyo imeuzwa kwa 15,000. Hakuna aliyemwitia mwenye kibanda mkutano wa hadhara.

"Umeme mdogo maana yake sola"

Waulizeni watu wa Njombe na Mufindi. Kijiji cha Matembwe, Njombe, walikuwa na umeme wao wa maporomoko tangu miaka ya 1980, gridi ikiwa bado ni habari ya kusikia. Mtambo wa maji wa Mwenga, huko Mufindi, ulianza 2012 ukiwa na megawati 4 kwa msaada wa Umoja wa Ulaya na REA: unaiuzia Tanesco, na wakati huohuo unasambaza wenyewe majumbani katika vijiji vya jirani. Kusini zaidi, masista wa Chipole wana mtambo wa Tulila kwenye mto Ruvuma, megawati 5. Mto haulali jioni, saa ambayo watu wanahitaji taa, na hilo sola hailiwezi bila betri.

"Weka sola, kinachobaki uiuzie Tanesco"

Mfumo wa kuiuzia gridi kama mzalishaji mdogo umewekewa mipaka ya kilowati 100 hadi megawati 10, na mkataba. Paneli nne juu ya bati hazimo. Tena ukijaribu kurudisha umeme kimyakimya, baadhi ya mita za Luku huuhesabu kana kwamba umeutumia, na uniti zinakatwa. Kenya wametoa kanuni za kubadilishana umeme mwaka 2024, lakini hata huko mwenye paneli anarudishiwa nusu ya uniti alizotoa, kama salio kwenye bili. Hapewi fedha mkononi.

Halafu kuna hofu kwamba nguzo za Tanesco zikifika, mtambo mdogo umekufa na ruzuku imeliwa. Kanuni za Ewura zinampa mwenye mtambo njia: auze umeme wake kwenye gridi, anunue wa gridi kwa jumla na kuusambaza, au afidiwe nyaya alizotandaza, mradi alizijenga kwa viwango. Nguzo za mti wa shambani hazilipwi na mtu.

Nilimweleza mjomba karibu yote haya. Akanikatiza: "Kijiji chetu kimeandikwa kina umeme. Nguzo ya mwisho iko shuleni, mimi niko ng'ambo ya korongo." Na hapo alikuwa sahihi. Takwimu inayotajwa sana ni ya vijiji, 12,318 Tanzania Bara. Vitongoji ni 64,359, na nyumba ya mjomba iko kwenye hesabu ya pili. Zamu yake ikifika ile 27,000 haitamaliza kazi, kwa sababu kutandaza nyaya ndani ya nyumba ni juu yake. Nyumba yake ni ya vyumba viwili, kwa hiyo nikamtajia UMETA, kile kiboksi chenye soketi, swichi na taa kinachomwokoa mtu na gharama ya wayaringi.

Akasema ataulizia kwenye mkutano wa kitongoji. Jumamosi akanipigia tena. Habari ya fomu hakuigusa. Alitaka kujua waya wa milimita 2.5 unauzwaje Mwanza siku hizi, na kama mkandarasi akija na UMETA ana haki ya kumdai hela nyingine juu.