Daftari haliandiki asiyekuja

Nikifika katika kituo kinachohudumia jamii zilizoachwa nyuma, kitu cha kwanza ninachoomba ni daftari la chanjo. Jumla ya mwisho wa mwezi siiangalii sana, maana hiyo hupendeza kila mahali. Natafuta mistari iliyokatika: mtoto kapata penta ya kwanza, chanjo moja inayokinga magonjwa matano, akiwa na wiki 6, kisha nafasi za wiki ya 10 na ya 14 ziko tupu.

Hesabu yake ni nyepesi. Kama watoto 80 walianza na 60 wakamaliza dozi ya tatu, 20 wamepotea njiani, yaani asilimia 25. Ikivuka asilimia 10, kwetu hiyo ni kengele. Hapo ndipo ninaposikia majibu yaleyale: kijiji kiko mbali, akina mama hawana elimu. Lakini mama huyu alishafika! Njia anaijua, na chanjo aliikubali. Aliyezuiwa kabisa na umbali kwa kawaida hayumo hata daftarini. Mtoto wake tunamwita wa dozi sifuri, na dawa yake ni kumfuata aliko. Huyu aliyekuja mara moja akatoweka, mara nyingi sisi wenyewe ndio tuliomfukuza.

Tunamfukuzaje? Chukua kichupa cha BCG, chanjo ya kifua kikuu. Mara nyingi kina dozi 20, na kile cha surua 10. Ukishachanganya unga na kimiminika chake, kinachobaki baada ya saa 6 ni cha kumwaga. Basi muuguzi akiona mtoto mmoja tu kwenye benchi, na anajua ataulizwa dozi zilizomwagika, humwambia mama, "Njoo Alhamisi, watakuwa wengi." Mama ameshapoteza kibarua cha siku nzima. Alhamisi haji.

Nasema hivi kwa sababu nilifanya hivyo mwenyewe nilipoanza kazi. Taarifa yangu ya upotevu wa dozi ilikuwa safi, nikasifiwa. Hakuna aliyeniuliza niliwarudisha nyumbani wangapi bila chanjo, na mimi sikuwaandika.

Shirika la Afya Duniani linasema kichupa kifunguliwe hata kwa mtoto mmoja. Ni sawa, ila muuguzi hawezi kulitii agizo hilo ikiwa dozi anazoletewa zimehesabiwa kwa vichwa vya watoto. Upotevu lazima uingizwe kwenye oda tangu mwanzo; kwa BCG, hata nusu ya dozi kumwagika ni jambo la kutarajiwa. Vichupa vya surua vya dozi 5 vipo pia, ingawa kila dozi hugharimu zaidi na friji hujaa upesi.

Baada ya hapo kazi ni ya mhudumu wa afya ngazi ya jamii, ambaye alipwe, tena alipwe kulingana na kazi. Mwongozo wa mwaka 2018 wa shirika hilohilo umeshalisema. Kila mwisho wa mwezi apewe orodha ya watoto waliokatika, apite nyumba kwa nyumba. Ninapowafundisha wahudumu hawa, nawakataza kuanza na "Mbona hukuja?" Waanze na "Mara ya mwisho ulipokuja, uliambiwa nini?" Na jibu liandikwe, hata likitutia aibu.