Wimbi la mshtuko halingoji ndege iipite sauti

Wengi huamini kwamba wimbi la mshtuko, yaani ukuta mwembamba ambamo shinikizo la hewa hupanda ghafla, huzuka pale tu ndege inapoipita kasi ya sauti. Si kweli, na ushahidi unaweza kuuona kwa macho yako ukikaa dirishani. Ndege ya abiria huruka kwa takriban asilimia 80 ya kasi ya sauti. Lakini mgongo wa bawa umebinuka, na hewa inayoupanda huongeza mwendo hadi ikaipita sauti, ilhali ndege yenyewe haijaifikia. Kisha hewa hiyo hupunguza mwendo ghafla, na hapo ndipo wimbi linaposimama. Jua likiwa juu, tulia utazame: pengine utaona kivuli chembamba kama uzi, kimelala kufuata urefu wa bawa, kikitikisika mbele na nyuma. Ni wimbi lenyewe hilo. Likiwa kali mno, hewa hubanduka kwenye bawa na ndege huvutwa nyuma. Ndiyo maana miaka ya 1960 mhandisi Richard Whitcomb wa NASA, shirika la anga la Marekani, aliupunguza mbinuko wa mgongo huo.

Kuna pia wanaosema pua kali ndiyo salama kila mara. Kwa chombo kinachorudi kutoka angani, pua butu ndiyo inayokiokoa: hulisukuma wimbi lisimame mbele yake, na sehemu kubwa ya joto huondoka na hewa. Harvey Allen wa NACA, shirika lililoitangulia NASA, alilibaini hilo mwanzoni mwa miaka ya 1950.

Dhana iliyoota mizizi zaidi ni kwamba wimbi hili hudunda ukutani kama mwanga kwenye kioo. Mwaka 1878 mwanafizikia Ernst Mach aligundua kuwa si lazima. Wimbi likiupiga ukuta kwa kuuparaza, linalokuja na linalorudi hukutana juu ya ukuta, na wimbi la tatu, liitwalo shina, huteremka kutoka hapo hadi ukutani.

Ukuta ukipinda, mambo hubadilika njiani. Juu ya silinda, yaani ukuta uliobinuka kwa nje, wimbi huanza kwa kudunda, kisha mteremko wa mbinuko unapozidi kulala, shina huchomoza na kurefuka. Ndani ya mbonyeo, yaani ukuta uliobonyea kwa ndani, ni kinyume: huanza na shina, likafupika hadi likatoweka. Tena mgeuko huo, kati ya kudunda na shina, hautokei kwenye mteremko uleule: kwa wimbi lenye nguvu ileile, mbonyeo hugeuza penye mteremko mkali zaidi kuliko mbinuko. Kipimo cha mgeuko kilichopatikana kwenye ukuta bapa hakiufai ukuta uliopinda.