Je, wajua kwa nini protini za binadamu hutengenezwa ndani ya seli za kiwavijeshi?

Mkulima wa mahindi wa Kenya au Tanzania aliyevamiwa na kiwavijeshi vamizi mwaka 2017, mwaka mmoja tu baada ya mdudu huyo wa asili ya Amerika kuripotiwa barani Afrika kwa mara ya kwanza, hana sababu ya kumsema kwa wema. Hata hivyo, katika maabara nyingi zinazochunguza dawa za saratani, seli za mdudu huyohuyo, anayeitwa kitaalamu Spodoptera frugiperda, hutunzwa kwa uangalifu mkubwa katika joto la nyuzi 27 za Selsiasi. Seli hizo ni uzao wa tishu za ovari zilizochukuliwa kwa pupa wa mdudu huyo nchini Marekani miaka ya 1970, na ukoo unaotumika zaidi hujulikana kama Sf9. Kazi yake mojawapo ni kuunda kinasi za binadamu.

Kinasi ni vimeng'enya vinavyochukua fosfeti kutoka kwenye ATP, yaani molekuli inayobeba nishati ya seli, na kuipachika kwenye molekuli nyingine, mara nyingi protini. Tendo hilo huonekana dogo, lakini ndilo linaloamua kama protini fulani iamke au itulie, na kwa hiyo kama seli igawanyike au isubiri. Binadamu ana jeni zaidi ya 500 za kinasi. Moja kati ya hizo, ABL, hukaa kwenye kromosomu ya 9. Vipande vya kromosomu ya 9 na ya 22 vinapokatika na kubadilishana nafasi, jeni hiyo huungana na nyingine iitwayo BCR, na kinasi inayozaliwa na muungano huo hufanya kazi bila kupumzika. Matokeo yake ni aina ya saratani ya damu inayoenda polepole, ambayo tangu mwaka 2001 imekuwa ikitibiwa kwa imatinibu, dawa inayojipachika pale ATP inapopaswa kukaa na hivyo kuifungia kinasi hiyo chakula chake.

Ili kujua kama dawa ya namna hiyo itafanya kazi, mtafiti huhitaji kinasi yenyewe, safi na ya kutosha. Kuikamua kutoka kwenye tishu za mgonjwa hakufai, kwa kuwa humo imo kwa kiasi kidogo mno, tena imechanganyika na maelfu ya protini nyingine. Njia iliyobaki ni kunakili jeni yake na kuipandikiza katika kiumbe kingine ili kiumbe hicho kiisome na kuitengeneza. Protini inayopatikana hivyo huitwa protini rekombinanti.

Hapa ndipo mtu angeuliza kwa nini wasitumie bakteria, ambao ni rahisi kuwakuza na ndio waliotupatia insulini. Jibu ni kwamba kinasi nyingi za binadamu, zikitengenezwa ndani ya bakteria, hazijikunji katika umbo lake sahihi na huishia kuwa mabonge yasiyo na kazi. Zile zinazofanikiwa kujikunja huleta tatizo jingine: huanza kupachika fosfeti kwenye protini za bakteria mwenyewe na kumdhuru. (Mwaka 2005 watafiti walionyesha kwamba ABL inaweza kupatikana kwa wingi kutoka kwa bakteria, iwapo watapewa pia kimeng'enya kinachoondoa fosfeti hizo.) Seli ya kiwavi, kwa upande wake, ina kiini kama yetu, ina protini za kusaidia nyingine zijikunje, na imezoea kuishi na kinasi zake yenyewe.

Jeni huingizwa humo kwa virusi vya bakulo, ambavyo huwashambulia wadudu na wala haviambukizi binadamu. Porini, virusi hivi hutengeneza kwa wingi mno protini ya kuvikinga vikiwa juu ya majani, lakini ndani ya chupa ya maabara kinga hiyo haihitajiki. Basi jeni yake huondolewa, ya kinasi ikawekwa mahali pake, na seli huitengeneza kwa bidii ileile. Baada ya siku mbili au tatu seli hupasuliwa, na kinasi hunaswa kwenye chembechembe zenye nikeli kwa mkia mdogo wa asidi amino, yaani vijenzi vya protini, ulioongezwa makusudi.

Faida kubwa zaidi, kwa maoni yangu, huonekana dawa inaposhindwa. Kwa baadhi ya wagonjwa, herufi moja tu ya jeni ya ABL hubadilika, asidi amino ya 315 ikawa nyingine, na imatinibu ikakosa pa kushika. Mtafiti anaweza kubadilisha herufi hiyohiyo katika nakala yake, akaipandikiza kwenye seli za kiwavi, akapata kinasi sugu kama ile ya mgonjwa, kisha akajaribu juu yake dawa moja baada ya nyingine. Ponatinibu, inayoweza kuizuia kinasi hiyo yenye badiliko, iliidhinishwa Marekani mwaka 2012.