Vitamini D, kisukari na mishipa ya jicho: maswali tunayoulizwa kliniki

Wengi wanaofika kwetu na kisukari wanafika wakiwa wamechelewa. Wamemeza dawa za sukari kwa miaka, na hakuna aliyewahi kuwaangalia nyuma ya jicho. Mfukoni wana kichupa cha vitamini D walichouziwa ndani ya basi, wakaambiwa kinasafisha mishipa ya macho. Ndiyo maana majibu mengine hapa chini yanajirudia.

Musawo (daktari), mishipa ya jicho ni ipi hasa?

Nyuma ya jicho kuna utando mwembamba uitwao retina. Ndio unaopokea mwanga na kupeleka habari kwenye ubongo, na unalishwa na mishipa ya damu, mingine myembamba kuliko unywele. Sukari ikikaa juu kwa miaka, kuta za mishipa hiyo hulegea. Mingine hutoa vivimbe vidogo na kuvujisha maji na mafuta, mingine huziba. Retina ikikosa oksijeni huotesha mishipa mipya, nayo ni dhaifu, hupasuka na kumwaga damu ndani ya jicho. Presha ikiwa juu, mambo hayo huenda kasi zaidi.

Vitamini D inaingia wapi?

Ngozi huitengeneza ikipigwa na jua, kisha ini na figo huikamilisha. Kazi yake inayojulikana vizuri ni kuusaidia mwili kufyonza kalisi na kuimarisha mifupa.

Habari za macho zimetoka kwa watafiti. Katika panya wa maabara, vitamini D iliyokamilika, yaani kalsitrioli, ilipunguza uotaji wa mishipa mipya kwenye retina. Tafiti nyingi zimeona pia kwamba wenye kisukari walio na vitamini D kidogo mara nyingi wana retina iliyoharibika zaidi. Wauzaji huishia hapo. Hawakuambii kwamba mtu ambaye kisukari kimemkalia muda mrefu, uzito umezidi, figo zimechoka na hatoki nje, atakuwa na vitamini D kidogo na macho mabaya kwa pamoja, bila kimoja kuwa chanzo cha kingine.

Vidonge vilipojaribiwa kwa watu, matumaini yalipungua. Jaribio la VITAL la Marekani lilikuwa na watu zaidi ya 25,000, nusu yao wakipewa yuniti 2,000 kila siku, na baada ya miaka kama 5 halikuona vidonge vikizuia uharibifu wa retina unaokuja na uzee. Jingine, D2d, matokeo yake ya 2019, liliwapa yuniti 4,000 kwa siku watu waliokuwa karibu kupata kisukari. Tofauti yao na wasiopewa katika kupata kisukari haikuwa ya kutegemewa.

Kwa hiyo nikimeza vitamini D sina haja ya kupimwa macho?

Hapana. Kama vitamini D yako imepimwa ikakutwa chini, meza kama ulivyoandikiwa, mifupa yako inaihitaji. Lakini hakuna kidonge cha vitamini D kinachochukua nafasi ya kuangaliwa nyuma ya jicho. Hakuna.

Lakini mimi naona vizuri. Nisumbuke ya nini?

Hili ndilo swali linalotupotezea macho ya watu.

Ugonjwa wa retina unaoletwa na kisukari hauumi. Jicho haliwi jekundu na halitoi machozi. Mishipa inaweza kuvuja kwa miaka ukiwa bado unasoma ujumbe kwenye simu na unaendesha bodaboda bila shida. Siku unapoona ukungu, mara nyingi uharibifu umeshafika katikati ya retina, au damu imeshamwagika. Kwa hiyo, mama, mzee, kijana: kuona vizuri si kipimo. Ukiwa na kisukari, nenda ukapimwe nyuma ya jicho hata kama unaona vizuri.

Mwenye kisukari aina ya 2 apimwe mara tu anapogundulika, kwa sababu sukari huenda ilikuwa juu miaka kadhaa kabla hajajua. Mwenye aina ya 1 apimwe ndani ya miaka 5 tangu aanze. Baada ya hapo ni kila mwaka, isipokuwa daktari akupangie vingine. Mwenye kisukari akishika mimba apimwe katika miezi mitatu ya kwanza, maana mimba inaweza kuuzidisha ugonjwa haraka.

Na kusoma herufi ukutani si kupimwa retina. Wala kujaribu miwani sokoni Owino mpaka ukapata inayokufaa. Kupimwa retina ni kutiwa matone yanayopanua mboni kisha mtaalamu aangalie ndani, au kupigwa picha ya nyuma ya jicho.

Uganda tuna jua mwaka mzima. Nani atakosa vitamini D?

Anayekaa ndani. Mwenye duka anayefungua alfajiri na kufunga usiku, mfanyakazi wa ofisi, mzee asiyetolewa nje, anayevaa nguo za kufunika mwili wote. Jua linalopita kwenye kioo cha dirisha halisaidii, kwa sababu kioo huzuia mionzi inayohitajika. Ngozi nyeusi nayo huhitaji muda mrefu zaidi juani kuliko nyeupe. Wagonjwa wa figo, na wanaotumia baadhi ya dawa za kifafa au za kifua kikuu, waulize kliniki yao. Katika chakula, vitamini D iko kwenye samaki wenye mafuta, kiini cha yai na maini.

Nimeambiwa nitazame jua la asubuhi ili macho yapate vitamini D.

Acha leo. Anayeitengeneza ni ngozi, jicho halihusiki. Kulikodolea jua macho huunguza katikati ya retina, na hutasikia maumivu yoyote wakati inaungua. Ota jua mikononi na miguuni.

Nimeze kiasi gani?

Mtu mzima anahitaji yuniti 600 kwa siku kutoka vyanzo vyote, na aliyepita miaka 70 anahitaji 800. Bila daktari usizidishe 4,000. Ikizidi sana, kalisi hupanda kwenye damu na kuleta kiu, kutapika, mawe kwenye figo na hata figo kuharibika. Mwenye kisukari tayari ana kazi ya kulinda figo zake.

Nini basi kinacholinda mishipa ya macho?

Sukari, presha, na kupimwa kwa wakati. Utafiti wa Uingereza uitwao UKPDS, uliotoa matokeo yake makuu mwaka 1998, ulionyesha kwamba kudhibiti sukari vizuri hupunguza madhara ya mishipa midogo kwa kama robo, na kwamba kushusha presha nako huokoa macho. Usiache dawa kwa kuwa "sukari imeshuka". Imeshuka kwa sababu unazimeza! Sigara pia iache.

Ukikutwa na uharibifu, kuna leza, kuna sindano za ndani ya jicho zinazokausha maji yaliyovuja, na kuna upasuaji wa kuondoa damu. Leza huzuia hasara isiendelee, lakini mara nyingi hairudishi kilichopotea. Tunakuita mapema kwa sababu hiyo.

Nimeona vidoadoa vyeusi vinaelea, na kama pazia upande mmoja. Nisubiri siku ya kliniki?

Usisubiri hata kesho. Madoa yaliyokuja ghafla, mimweko ya mwanga, pazia au jicho moja kufifia ni dharura. Usianze kwa mganga, usitie maji ya majani, usinunue matone dukani. Nenda hospitali leo.

Nianzie wapi?

Anzia kliniki yako ya kisukari au hospitali ya wilaya, uombe kumwona mhudumu wa macho. Yeye ndiye atakayekuandikia rufaa ikihitajika, iwe Mulago au Mengo kwa walio Kampala, au Ruharo kwa watu wa Mbarara. Beba daftari lako la sukari na presha na dawa zote unazomeza, vitamini zikiwemo. Nenda na mtu, na usiendeshe mwenyewe, kwa sababu matone ya kupanua mboni yatakuachia ukungu kwa saa kadhaa.