Pentekoste ni siku ya hamsini ya nini?

Jumapili iliyofuata Pasaka, msoma matangazo alisimama, akawashukuru wote waliojitolea katika juma kuu, kisha akasema kwamba sasa Pasaka imekwisha, turudi kwenye shughuli zetu hadi tutakapokutana tena Pentekoste. Alisema kwa moyo mwema na waumini wakaitikia. Nimeisikia kauli hiyo mara nyingi mno, nami naona imetunyima kitu ambacho maisha yetu ya kila siku yanakihitaji, kwa maana Pasaka si ya siku moja, hudumu siku hamsini hadi Pentekoste.

Kwa ufupi, sikukuu zinazofuata Pasaka ni Kupaa kwa Bwana, katika siku ya 40, na Pentekoste, siku ya kushukiwa na Roho Mtakatifu, katika siku ya 50. Utatu Mtakatifu, na kwa Wakatoliki sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo, huja baada ya hapo. Hizo mbili zilienezwa katika Kanisa lote la magharibi karne nyingi baadaye, ya kwanza mwaka 1334 na ya pili mwaka 1264, kwa hiyo haziingii katika hesabu ninayotaka kuieleza.

Ninasema hesabu kwa sababu Pentekoste ni neno la hesabu. Kwa Kigiriki maana yake ni "ya hamsini", basi. Ndani ya neno lenyewe hamna moto, upepo wala ndimi. Lina ndugu yake tunayemtumia kila mwaka bila kumtambua, yaani Kwaresima, ambalo asili yake ni neno la Kilatini lenye maana ya "ya arobaini". Kwa hiyo mwaka wetu wa ibada umebeba namba mbili, moja upande huu wa Pasaka na nyingine upande wa pili, na inashangaza kwamba ile ya arobaini tunaihesabu siku kwa siku, tukijua nani amefunga na nani amefungua, ilhali ile iliyo kubwa zaidi hatuihesabu kabisa. Mtu akiambiwa "ya hamsini" anapaswa kuuliza: hamsini tangu lini? Jibu ni tangu Pasaka, na Pasaka yenyewe ikihesabiwa kuwa siku ya kwanza. Mwaka 2025 Pasaka iliangukia tarehe 20 Aprili, Kupaa kukawa tarehe 29 Mei na Pentekoste tarehe 8 Juni. Ukihesabu kwa vidole utafika hapo hapo.

Wakristo hawakuibuni hesabu hii. Katika Mambo ya Walawi sura ya 23, wana wa Israeli waliagizwa kuhesabu majuma saba kamili, kisha siku ya hamsini wamletee Mungu mavuno mapya, na Wayahudi waliozungumza Kigiriki ndio walioiita siku hiyo Pentekoste. Sadaka ya siku hiyo ilikuwa mikate miwili iliyookwa kwa chachu. Inafaa kulitafakari hilo, kwa maana katika Pasaka chachu ilikuwa imeondolewa nyumbani kabisa, na sasa mkate ulioumuka, mkate wa kawaida wa kila siku, unaletwa mbele za Mungu. Na sheria haikuishia kwenye mikate. Mstari wa 22 unamwonya mwenye shamba asivune hadi pembeni kabisa, wala asiyaokote masazo, bali amwachie maskini na mgeni. Ukisoma Matendo ya Mitume sura ya 2 hadi mwisho, badala ya kukomea kwenye ndimi za moto kama tunavyozoea, utawakuta waamini wakiuza mali zao na kumgawia kila mmoja kadiri ya haja yake. Ule ukingo wa shamba umerudi, safari hii katika mifuko ya watu.

Kwa sababu hiyo huniuma kusikia Pentekoste ikifanywa jina la namna fulani ya kusali, kana kwamba ni sikukuu ya wanaonena kwa lugha na wengine ni wageni waalikwa. Uamsho uliovuma Los Angeles mwaka 1906, ambao makanisa mengi ya Kipentekoste yanauhesabu kuwa chimbuko lao, ulipata jina kutoka kwenye sikukuu hii. Sikukuu haikupata jina kutoka kwao. Ni ya Wakristo wote, na kwa Wakristo wa karne za kwanza neno Pentekoste lilitaja pia siku zote hamsini kwa pamoja. Mwaka 325 Mtaguso wa Nikea, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, uliagiza kwamba siku za Jumapili na siku za Pentekoste watu wasali wakiwa wamesimama, wala wasipige magoti. Mwili wa mkulima na wa mtumwa ulifundishwa ufufuko kwa kusimama, majuma saba mfululizo.

Kupaa nako kumeharibiwa na neno. Kwa Kiswahili anayepaa ni ndege, na tukimwona amepaa tunajua ameondoka. Lakini imani tunayoikiri haikomi hapo, inaendelea kusema kwamba ameketi kuume kwa Mungu Baba, na anayeketi hivyo ameshika mamlaka. Luka anasema wanafunzi walirudi Yerusalemu wakiwa na furaha kuu, jambo ambalo halifanywi na watu waliotoka kuagana na mpendwa wao, na Mathayo anaifunga Injili yake kwa ahadi, "mimi nipo pamoja nanyi siku zote". Siku zote ni pamoja na Jumatatu ya kazi. Tazama pia mahali Bwana alipowatokea watu katika siku hizo: njiani kuelekea Emau, ndani ya nyumba iliyofungwa kwa hofu, na ufukweni ambako wavuvi waliokesha bila kupata kitu walikuta moto wa makaa, samaki juu yake, na mkate.

Wakatoliki wana alama ya siku hizi hamsini mbele ya macho yao. Mshumaa mkubwa wa Pasaka, uliochorwa tarakimu za mwaka, huwashwa katika ibada kuu hadi Pentekoste, kisha hupelekwa mahali pa ubatizo, na huwashwa tena mtoto anapobatizwa na marehemu anapoagwa.

Msoma matangazo wetu sikumsahihisha mbele za watu. Ningependa tu kumwomba abadili jambo dogo. Tangu kalenda ya Kikatoliki ilipofanyiwa marekebisho mwaka 1969, Jumapili hizi haziitwi tena za "baada ya Pasaka", bali "za Pasaka", na kwa badiliko hilo namba nayo inasogea: iliyokuwa Jumapili ya pili baada ya Pasaka sasa ni Jumapili ya tatu ya Pasaka, kwa kuwa siku ya ufufuko imeingizwa kwenye hesabu. Juma lijalo, basi, asome "ya tatu ya Pasaka", na akiona vema, atutakie heri ya Pasaka.