Masafa mafupi yakizimika mchana, usikimbilie kwa fundi

Wasikilizaji wa masafa mafupi hapa Tanga, kuanzia Chumbageni hadi Mabokweni, wana swali lisilokauka: kwa nini stesheni iliyokuwa ikiingia vizuri inapotea ghafla mchana, unabaki mvumo mtupu, kisha baadaye inarudi yenyewe? Mara nyingi redio ni nzima. Kilichotokea kimetokea juani.

Mawimbi ya megahezi 3 hadi 30 hufika mbali kwa sababu tabaka la juu la ionosfea (anga ya juu yenye chembe za umeme), kilomita 200 na zaidi kutoka ardhini, huyapinda na kuyarudisha chini. Kabla ya kufika huko hupita kwenye tabaka jingine, la kilomita 60 hadi 90 hivi, ambalo hupata nguvu mchana na huyanyonya. Jua likilipuka, eksirei zake hutufikia kwa dakika 8 hivi. Tabaka hilo la chini linakolea na mawimbi yanaishia humo. Upande wa dunia wenye usiku haupatwi na hali hii. Yanayoathirika zaidi, na kuchelewa kurudi, ni masafa ya chini kama mita bendi 49 na 41. Kwa hiyo kabla ya kushika bisibisi, panda masafa ya juu, ambayo namba yake ya mita ni ndogo: jaribu mita bendi 19 au 16. Zikisikika, redio yako haina ubaya.

Mzunguko wa 25 wa jua, yaani kipindi cha miaka 11 hivi cha kupanda na kushuka kwa milipuko yake, ulianza Desemba 2019, na Oktoba 2024 wanasayansi wa Marekani walitangaza kuwa jua limeingia kwenye kilele chake. Kilele kikipita, milipuko haikomi papo hapo. Dhoruba ya sumaku, yaani msukosuko wa sumaku ya dunia, ya Mei 2024, iliyofika daraja la juu kabisa, G5, ni jambo jingine: dhoruba za namna hiyo husafiri siku 1 hadi 3 kutoka juani, na zikifika huvuruga mawasiliano hata usiku.

Mwenye redio yenye SSB (swichi inayowezesha kusikia milio ya Morse) ana kipimo cha bure, nami nakiamini kuliko programu yoyote ya simu. Weka kilohezi 14100. Vituo 18 vya sehemu mbalimbali za dunia vimepangwa kupokezana hapo, kila kimoja sekunde 10, zamu zote zikiisha kwa dakika 3. Jirani zetu ni 5Z4B wa Kenya na ZS6DN wa Afrika Kusini. Kituo hujitaja kwa alama za Morse, kisha hutoa milio minne mirefu: wa kwanza kwa wati 100, wa pili 10, wa tatu 1, wa mwisho 0.1. Ukisikia hadi wa tatu, njia iko wazi kweli kweli. Ukikikosa kimoja, sikiliza vingine kwanza. Huenda chenyewe kimezimwa.

Chomoa chaja ya simu na uzime taa za LED, maana nazo huleta mvumo redioni, kabla ya kuilaumu anga. Ratiba nyingi za stesheni zimeandikwa kwa UTC, saa za kimataifa, basi ongeza saa 3: 15:00 ni saa 12 jioni kwetu.

Kurusha mawimbi yako mwenyewe ni habari nyingine. Alama ya wito, yaani jina la kituo chako hewani, inayoanza na 5H, hupatikana kwa leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Na wenye redio za mkononi za bei nafuu, tafadhali msibonyeze kitufe cha kurusha kwenye megahezi 156.8. Hiyo ni chaneli 16, ambayo mwenye chombo kinachozama baharini huitumia kuomba msaada.